Nilikula hela ya sare za kwaya nikairudisha, mbona sina amani?

(Barua hii imefupishwa kidogo, na mambo ambayo yangemtambulisha mwandishi yameondolewa.)

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, naishi Kanda ya Ziwa. Ni karani wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Nimeimba kwaya tangu nilipopata kipaimara, sauti ya nne, na kwa miaka mitano nimekuwa mhazini wa kwaya yetu. Sisi ni Walutheri. Jambo ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Mwaka juzi tuliamua kushona sare mpya kwa ajili ya Krismasi. Kila mwanakwaya alitakiwa kuchanga 45,000. Tuko 41, kwa hiyo jumla ilikuwa 1,845,000. Dada mmoja ambaye alikuwa mhazini msaidizi ndiye aliyepokea michango siku za mazoezi na kuandika kwenye daftari. Akishapokea ananikabidhi, mimi naweka kwenye laini ya simu tuliyoitenga kwa ajili ya kwaya. Namba ya siri nilikuwa nayo peke yangu.

Wakati huo nilikuwa nabeti. Nilianza na mikeka ya buku moja moja, kama vijana wengi pale kazini. Siku moja nikashinda 312,000. Mama, nakuambia ukweli, Jumapili yake nilitoa fungu la kumi la ile hela. Niliweka 31,200 kwenye bahasha nikaona kabisa kwamba Mungu amenikumbuka. Baada ya hapo sikuweza kuacha.

Siku niliyogusa hela ya kwaya ilikuwa Jumamosi. Mshahara ulikuwa umechelewa, na nilikuwa na mkeka wa timu saba. Sita zilishinda. Ya saba ikasawazishiwa dakika za nyongeza. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi nyuma ya stoo, simu mkononi, nikasema nimekosa kidogo tu. Nikahamisha 30,000 kutoka laini ya kwaya, nikijiambia jioni naziweka. Mkeka ukachanika. Nikachukua 50,000 kuifuata ile 30,000. Kwa wiki kumi na moja nilienda hivyo, mpaka siku niliyoangalia salio nikakuta 575,000. Nilikuwa nimekula 1,270,000 za watu.

Mwenyekiti akaanza kuuliza mbona vitenge havinunuliwi. Nikasema mwenye duka anasubiri mzigo. Nikasema hivyo wiki tatu. Maneno yakaanza, mwisho ukaitishwa mkutano baada ya mazoezi. Mtu mmoja akadai daftari la michango lisomwe. Yule dada akasimama nalo. Kulikuwa na majina mawili ambayo aliyaandika, akayafuta kwa raba na kuyaandika tena, na palikuwa na mtu aliyelipa nusu nusu mpaka hesabu ikachanganyika. Watu wakaanza kutazamana. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, naangalia mikono yake inavyofungua kurasa. Sikusema kitu. Wiki mbili baadaye akaacha kwaya, akasema mama yake anaumwa. Siku hizi anasali ibada ya kwanza, sisi tunaimba ya pili.

Baada ya mkutano ule niliuza pikipiki kwa 900,000, mke wangu nikamwambia injini imekufa. Nikachukua 400,000 za kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, nikazilipa 560,000. Nilirudisha zote kabla ya mwezi wa kumi na moja kwisha. Sare zilishonwa, Krismasi tuliimba, na mwenyekiti akanishukuru mbele ya watu kwa uvumilivu.

Sasa imepita miezi kumi na tisa. Hakuna aliyepoteza hata shilingi mia, kwa sababu nilirudisha zote. Lakini sina amani. Kwenye liturujia tukifika "Bwana, utuhurumie" sauti inakatika. Nimefunga, nimekesha. Nilienda mpaka kwenye mkesha wa maombi mtaa wa jirani, mtumishi akaniwekea mikono akasema umefunguliwa. Nilikaa vizuri siku mbili. Tangu wakati ule nimebeti tena mara tatu, kwa hela yangu mwenyewe, mara ya mwisho mwezi wa nne mwaka huu. Kila nikianguka najiona sina tofauti na Yuda.

Na sasa jina langu limependekezwa kwenye uzee wa kanisa. Mchungaji amenipigia simu, anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikikataa wataniuliza sababu. Nikikubali, nitashikaje kile chombo cha sadaka? Rafiki yangu mmoja nilimdokezea kwa mafumbo, kama habari ya mtu mwingine, akasema Mungu akishafunika jambo wewe usilifukue.

Mama, je, Mungu amenisamehe? Kama amenisamehe, mbona naumia? Na kama nilirudisha zote, bado nina haja ya kumwambia mtu?

Mhazini

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ameni, asifiwe.

Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi kabla sijanywa chai. Nianze na kitu ambacho huenda wewe hukioni: uliandika kiasi chote. Hukusema "kama milioni hivi", ulisema 1,270,000. Hukusema "niliwahi kurudia", ulisema mara tatu na mwezi ukautaja. Mtu anayetaka kujidanganya haandiki hivyo. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu ambaye tayari ameanza kusema kweli, ingawa mpaka sasa ameisema kwa mgeni asiyemfahamu.

Nilivyokuelewa ni hivi. Ulikabidhiwa fedha za watu, ukazipeleka kwenye kamari, ukazirejesha kwa gharama kubwa bila mtu kujua. Sasa unaheshimiwa kwa kitu ambacho wewe mwenyewe unajua kina ufa. Unaogopa heshima hiyo isiongezeke, na unaogopa pia isiondoke. Katikati ya hofu hizo mbili, simu iko mfukoni na kila Jumamosi kuna mechi.

Swali la kwanza, la msamaha, nalijibu kwa maneno unayoyajua. Yohana katika waraka wake wa kwanza anasema: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Hakusema tukizilipia. Hakusema tukikaa miezi kumi na tisa bila kuanguka. Mimi sina shaka kwamba ulipolia mbele za Mungu alikusikia. Ila angalia unavyoupima huo msamaha: unaupima kwa maumivu. Ukiumia unasema hajanisamehe, ukikaa siku mbili vizuri unasema nimefunguliwa. Je, inawezekana maumivu haya hayahusu kabisa kama Mungu amekusamehe au la? Mguu uliotolewa mwiba unaweza kuendelea kuuma kwa sababu kuna kipande kimebaki ndani, na hakuna anayesema mganga hakumpenda mgonjwa.

Niruhusu nikuoneshe nilichokiona kwenye barua yenyewe. Umeandika "nilirudisha zote" mara tatu. Yule dada umemtaja anapokea michango, kisha kwenye aya moja ya mkutano, halafu akatoka kwenye barua kama alivyotoka kwenye kwaya. Maswali yako yote ya mwisho ni juu yako na Mungu, na juu ya hela. Yeye hayumo.

Sikusemi kwa ukali. Naamini wewe ndiye uliyemwandika kwa namna ambayo siwezi kumsahau: mikono yake inafungua kurasa, watu wanatazamana, na wewe umekaa mbele yake. Hayo ungeweza kuyaruka, nisingejua. Kuna kitu ndani yako kilitaka nimwone. Ndiyo maana nakuuliza: unaposema hakuna aliyepoteza hata shilingi mia, ni kweli kwamba hakuna aliyepoteza? Hela ya kwaya ilirudi kwenye laini. Jina la huyu dada lilirudi wapi?

Rafiki yako alikupa neno zuri kwa nia njema, lakini tulitazame. Zaburi ya 32 inaanza: "Heri aliyesamehewa dhambi, na kusitiriwa makosa yake." Hapo ndipo watu hupata lile la Mungu kufunika. Lakini zaburi hiyo hiyo inaendelea, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa," kisha Daudi anasema hakuuficha upotovu wake. Kwa Kiswahili chetu kusitiri na kuficha si kitu kimoja. Unamsitiri mtu kwa nguo kwa sababu umemwona yuko uchi. Kuficha ni kufanya asionekane kabisa. Mungu anasitiri kile ambacho mtu ameacha kukificha. Sasa wewe jiulize: ukimya wako wa miezi hii ni sitara ya Mungu, au ni ule ukimya wa mkutano ambao umeendelea tu?

Wewe ni Mlutheri, ulikaa darasa la kipaimara, basi unakumbuka Katekisimo Ndogo. Luther aliiandika mwaka 1529, na ndani yake alifundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: tunaungama dhambi, kisha tunapokea ondoleo kutoka kwa mchungaji kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Watu wengi wanadhani kuungama mbele ya mchungaji ni jambo la Wakatoliki peke yao. Si hivyo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linasema wazi kwamba ondoleo la mtu mmoja mmoja lisiachwe kanisani. Na hatujaliacha kwenye vitabu, tumeliacha kwenye mazoea. Kila Jumapili unaungama pamoja na watu mia tatu, sauti yako inapotelea ndani ya sauti zao. Yule mtumishi wa mkesha alikuwekea mikono bila kujua anakufungua kutoka kwenye nini. Hujawahi kusikia sauti ya mwanadamu, inayojua kuhusu zile 1,270,000 na kuhusu yule dada, ikikuambia umesamehewa dhambi hiyo. Nadhani una kiu ya kuisikia, na si kwa sababu neno la Mungu halitoshi. Dhambi iliyofanyika kati ya watu inapenda kubaki peke yake na wewe, gizani, na huko inanong'ona vizuri sana.

Bibi yangu mzaa mama, wa Bukoba, alikuwa mtu wa uamsho, ule uamsho wa Wakristo wa Afrika Mashariki. Ule moto uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenda Uganda, ukafika kwetu Kagera na kwingine mwishoni mwa miaka ya 1930. Walikuwa na neno lao, kutembea nuruni. Bibi alikuwa akisimulia watu waliorudisha majembe, mbuzi, hata mabati, wakiwa wameyabeba kichwani mchana kweupe kumpelekea mwenye mali. Nilipokuwa mdogo nilidhani habari tamu ni ya yule aliyebeba bati. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza habari za wale waliorudishiwa. Akanyamaza kidogo, akasema wengi walilia kabla ya mwizi kulia, kwa sababu kwa miaka walikuwa wamemshuku mtu mwingine.

Lakini bibi huyo huyo aliniambia upande wa pili, na mimi nisingekuwa mwaminifu nikikuficha. Wapo waliosimama kwenye ushirika wakaungama mambo yaliyowavunja watu wengine waliokuwa hawajajiandaa. Wapo walioungama ili wapumzike wao, wakamwachia mke au jirani mzigo. Kuungama hadharani si lazima kuwe ndiyo ujasiri mkubwa kuliko wote. Wakati mwingine ni njia ya haraka ya kutua mzigo mahali ambapo haukutoka.

Kwa hiyo tuangalie milango uliyo nayo, mmoja mmoja, bila haraka.

Unaweza kwenda kwa mchungaji, faraghani. Ungeanza kwa kumwambia kwamba unakuja kuungama, umuulize kama atalipokea kama maungamo na kulitunza hivyo, kabla hujataja kitu. Faida yake ni kwamba suala la uzee nalo litapata jibu mahali pake. Hatari ipo: anaweza kukushauri usimame pembeni kwa muda, uache uhazini, usishiriki Meza ya Bwana mpaka utaratibu wa kurudi kundini ukamilike. Katika sharika nyingine mambo hayo hufanywa kwa upole, katika nyingine hufanywa kwa namna inayomwaibisha mtu. Wewe unamjua mchungaji wako, mimi simjui. Je, ni mtu ambaye umewahi kumwona akibeba siri ya mtu?

Unaweza kwenda kwanza kwa yule dada. Bwana wetu alisema kwamba ukiwa na sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende upatane kwanza. Angalia, hakusema ukikumbuka kwamba wewe una neno. Hatari ya hapa ni kwamba hujui utakachokikuta. Anaweza kukasirika. Anaweza kulia. Anaweza kukuambia alijua siku zote. Anaweza kutaka kwaya nzima iambiwe, na ombi hilo litakuwa haki yake, kwa maana jina lake liliharibika mbele ya kwaya nzima. Kabla hujaenda ujue ndani yako kama uko tayari kwa hilo. Na kama utaenda, kwa ajili ya heshima yake na yako, usiende peke yako nyumbani kwake usiku. Mtu mzima mnayemwamini wote wawili, awe mama wa kanisa au mwalimu wa kwaya wa zamani, anaweza kukaa pamoja nanyi.

Kuna kwaya yenyewe. Huko ndiko kuna hatari kubwa zaidi ya kazi yako, kwa sababu neno la watu 41 halikai ndani ya ukumbi, na wewe ni karani wa stoo, unashika mali ya tajiri. Tena nikuambie wazi, sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni wizi hata pale mtu alipotumia fedha alizokabidhiwa akiwa na nia ya kuzirudisha. Sidhani kama kwaya ingekimbilia polisi, lakini usiingie hapo bila kujua. Ofisi za msaada wa kisheria zipo, na mwanasheria anaweza kukusikiliza kabla hujaamua kusema mbele ya watu.

Na kuna mlango wa kunyamaza. Nautaja kwa sababu wapo watu wema watakaokushauri hivyo, na sina haki ya kuupita. Ungeukataa uzee, ungeachia uhazini kwa utulivu, ungebaki na Mungu wako. Hakuna nyumba ingetikisika. Nakukumbusha tu: kwa muda huu wote ndipo ulipokuwa umekaa, na ndipo ulipoandikia barua hii.

Kuhusu uzee wa kanisa, naona umejifungia kati ya ndiyo na hapana, wakati kuna neno la katikati. Unaweza kumwambia mchungaji, "Baba, naomba jina langu lisiendelee safari hii, nina jambo la kutengeneza kwanza." Huo si uongo, na hakuna anayekulazimisha umalizie sentensi hiyo kwenye simu. Umejiita Yuda, lakini mimi barua yako imenikumbusha Petro. Yohana anatuambia kwamba usiku ule Petro alipomkana Bwana alikuwa anaota moto wa makaa, kwa sababu ya baridi. Sura tatu baadaye, ufukweni, Yesu amefufuka, na wanafunzi wanaposhuka kutoka mashuani wanakuta moto wa makaa umewashwa, na samaki juu yake. Fikiria harufu ile ilivyompiga Petro. Bwana hakumrudisha kundini kwa kumpitisha mbali na kumbukumbu yake. Alimkalisha karibu na moto wa namna ile ile, akamlisha kwanza, kisha akamuuliza mara tatu. Maneno "lisha kondoo zangu" yalikuja baada ya hapo. Huenda siku moja wewe ukawa mzee wa kanisa mzuri sana, hasa kwa vijana wa mikeka. Sijui, na si lazima ijulikane mwezi huu.

Sasa jaribu lenyewe, kwa maana nahisi hapa umejionea aibu ukapita mbio. Kubeti kulikokushika si tabia mbaya tu ya mtu asiyeomba vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa. Lile neno ulilolisema juu ya ndoo ya rangi, "nimekosa kidogo tu", ndilo linalowashika watu kuliko kushinda. Timu sita kati ya saba, akilini inaonekana kama umekaribia, kumbe kwenye mkeka sita na sifuri ni kitu kimoja, hela imekwenda. Halafu unaifuata hela iliyopotea kwa hela nyingine. Kwa hiyo usishangae kwamba kufunga na kukesha havikutosha. Uliomba mlango ufunguke, na ulipofunguka simu ilikuwa bado mkononi.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Yusufu alipojaribiwa nyumbani kwa Potifa hakukaa kuomba apate nguvu ya kubaki chumbani. Aliacha vazi akakimbia. Kwako vazi ni nini? Naona laini ya pili ya simu. Naona akaunti ya kubeti, ambayo unaweza kuiandikia kampuni na kuomba ufungiwe kabisa, maana nyingi zina utaratibu huo. Naona Jumamosi alasiri, saa ambayo labda mwili wako unatakiwa uwe mahali pengine, na watoto, au shambani, au kwenye mpira wa kuchezwa kwa miguu badala ya kwa vidole. Na hela ya kikundi chochote isikae tena chini ya namba ya siri ya mtu mmoja, iwe wewe au malaika. Hilo unaweza kulipendekeza kwenye kwaya hata kesho, na litawalinda wote watakaokuja baada yako.

Yote haya yanampita mtu mmoja, mke wako. Pikipiki ilikuwa ya nyumba. Yeye anaamini injini ilikufa. Mimi naona kwamba pigano hili la simu hutalishinda ukiwa umelala kitanda kimoja na mtu usiyemwambia. Lakini wewe ndiye unayeijua ndoa yenu, kama kuna jeraha jingine la hela au la uongo humo ndani, kama ana nguvu sasa hivi ya kubeba. Kama unaogopa kumwambia mkiwa wawili, mchungaji au wasimamizi wenu wa ndoa wanaweza kukaa nanyi. Nisingependa asikie kwa mtu mwingine, na ukishafungua mlango wowote kati ya ile mingine, uwezekano huo upo.

Mwanangu, siwezi kukuamulia uanze wapi. Umeanguka mara tatu tangu wakati ule, na kila mara ulipoanguka ulirudi kwa Mungu na si kwa hela ya watu. Hata hilo ulione.

Na kama utafika siku ya kukaa mbele ya yule dada, nina ombi moja. Usianze na jinsi unavyoumia, wala usimwombe akusamehe hapo hapo, maana watu wa kanisa tumefundishwa kusema "nimekusamehe" kabla hatujameza mate. Mwambie kiasi. Mwambie miezi. Mwambie kwamba siku ya mkutano hesabu za daftari lake hazikuwa na kosa lililokula hela, na kwamba wewe ulikuwa unajua. Kisha nyamaza, umwache aongee mpaka amalize.